Pesa za chama si sadaka ya hoteli



Vijana wenzangu, likizo inakaribia na najua simu zenu zimejaa mabango. Kisiwa cha mbali. Mchanga mweupe. Minazi imeinamia maji. Pembeni yuko dada wa hijabu anaangalia jua likizama, na chini yake limeandikwa neno moja kwa rangi ya kijani: HALALI. Kisha bei, kisha nambari ya kutuma arubuni.

Kabla hujatuma, nisomee mpaka mwisho. Ukimaliza, mtumie na mweka hazina wa chama chenu.

Ninalotaka kusema ni hili: neno halali likishaandikwa kwenye bango la biashara, limekuwa ahadi, na ahadi ina mwenyewe wa kuidai. Sisi Waislamu wa nchi hii tumezoea kudai mambo makubwa. Tunadai vitambulisho, tunadai ardhi, tunadai vijana wetu waliochukuliwa usiku wasirudi. Ni sawa kabisa na tuendelee. Lakini ile haki ndogo ya mtu aliyelipa pesa zake mwenyewe tunaiacha ipite. Tunasema "tumwachie Mungu", na mwezi ujao mwenzetu anaingizwa mkenge ule ule, kwa bango lile lile.

Nawapa mfano ninaoujua kwa sababu nilikuwemo.

Chama chetu kina akina dada 12, wote wa Mombasa. Kwa mwaka mzima kila mmoja aliweka shilingi 1,500 kwa mwezi. Kuna mpika mahamri aliyekuwa akitoa hamsini hamsini kila jioni baada ya kufunga kibanda. Kuna mwalimu wa madrasa ambaye mshahara wake wenyewe mnaujua. Jumla ilifika 216,000. Katika hizo, 144,000 tuliilipa hoteli moja katika visiwa vya Lamu kwa siku tatu, usiku mbili. Zilizobaki zikawa za basi na njia. Hoteli yenyewe sitaitaja. Dai letu bado linaendelea, na isitoshe haya hayahusu hoteli moja.

Tuliahidiwa mambo manne, yote yako kwenye WhatsApp. Jikoni la halali. Kidimbwi cha kuogelea kwa wanawake peke yao, kila siku saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili. Chumba cha kuswalia. Na boti ya kutupeleka na kuturudisha Mokowe, ndani ya bei ile ile.

Hebu sasa sikiza tulichopata.

Boti ya kwenda ilikuwepo. Ya kurudi tukaambiwa kila mtu atoe 800, ati bei ya mafuta imepanda. Watu 12, hiyo ni 9,600. Na mkiwa kisiwani hamna ubishi, kwani mtaogelea mpaka Mokowe?

Kidimbwi cha wanawake kilikuwa saa saba mchana mpaka saa nane, jua la utosi, na turubai limefungwa upande mmoja tu. Pande nyingine tatu mpita njia anapita. Siku ya pili dada mmoja alikuwa amevaa burkini, kitambaa ni kile kile cha nguo za kuogelea za kila mtu. Akaja mfanyakazi kumwambia atoke, nguo hizo haziruhusiwi, zinachafua maji. Mbele ya watu. Yule dada alitoka bila kusema neno, akaingia chumbani, na hakutoka tena mpaka chakula cha usiku.

Chumba cha kuswalia kilikuwa stoo. Masanduku ya bia yalisukumwa ukutani, yakafunikwa shuka. Tukauliza kibla, kijana wa mapokezi akatuonyesha upande jua linakozama. Jamani, mtoto wa chuoni yeyote Lamu atakwambia kibla chetu ni kaskazini.

Na jikoni je? Kuna mhudumu mmoja, mwenyeji wa huko, alishindwa kuvumilia. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba jiko la kuchomea ni moja na visu ni vile vile, nyama ya nguruwe na kuku wetu vyote vinapita hapo. Kuku wenyewe walikuja kwenye maboksi na hakuna aliyejua wamechinjwa na nani. Tukamshukuru. Siku mbili zile tulikula mayai ya kuchemsha, mkate na maembe. Yule yule mhudumu ndiye aliyetuletea mkeka kutoka kwao ili tuswali nje, chini ya mkungu. Allah amlipe.

Tulipomwendea meneja, jibu lake lilikuwa: "Lakini hatukuwawekea nguruwe kwenye sahani." Yaani kwake yeye, hiyo ndiyo maana nzima ya halali.

Sasa, dini yetu inasemaje juu ya biashara ya namna hii?

Katika Sahihi Muslim kuna kisa alichokipokea Abu Huraira. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akakuta mtu ana rundo la chakula cha kuuza. Akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamuuliza yule muuzaji ni nini hiki. Yule mtu akasema mvua ilikinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka kile kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akaeleza kwamba mdanganyifu hayuko pamoja naye.

Bango la Instagram ndiyo ile nafaka kavu ya juu. Stoo yenye masanduku ya bia, jiko moja, turubai la upande mmoja, hayo ndiyo yaliyolowa yakafichwa chini. Na angalia vizuri: Mtume hakumwambia mnunuzi asubiri. Hakumwambia mnunuzi alikosea kuja sokoni. Alimuuliza muuzaji.

Ndiyo maana wanazuoni wetu wa fiqhi wana mlango mzima wa khiyari katika mauzo, na mojawapo ni khiyari ya aibu. Ukinunua kitu ukakuta kina kasoro iliyokuwepo na hukuambiwa, una haki ya kukirudisha. Haki hii watu walikuwa wakiisoma madrasa kabla Kenya haijawa na bunge. Kwa hiyo anayekwambia kudai pesa zako ni tabia ya kizungu, mwambie arudi kwenye vitabu vyake.

Katiba nayo iko upande wako. Soma vifungu hivi vinne, ni vifupi, uviweke kwenye simu.

Kifungu cha 46 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora wa kuridhisha, habari za kutosha kuhusu huduma hizo, na fidia akipata hasara. Kinafunga huduma za serikali na za watu binafsi pia, si ofisi za umma peke yake.

Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Katika orodha yake mna dini, mna imani, na mna mavazi. Ndiyo, mavazi yametajwa kwa jina. Na hakisemi serikali tu isibague. Kinasema mtu pia asimbague mwenzake. Dada aliyetolewa majini kwa sababu ya burkini, kifungu chake ni hicho.

Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe nafasi ya kuingia mahali au kupata huduma kwa sababu ya dini yake.

Kifungu cha 62 kinahesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma.

Hiki cha mwisho nakitaja kwa makusudi. Asubuhi ya pili tulimwona askari wa hoteli akimfukuza mtoto wa kijijini, mkononi ana pweza wawili na mkuki wake wa mti. Maji yalikuwa yamekupwa, mtoto anatembea juu ya mchanga uliokuwa bahari saa chache kabla. Askari anasema ni ufuo wa hoteli. Wa hoteli kwa sheria gani? Hoteli inaweza kumiliki kiwanja chake na kuweka ua wake. Pale maji yanapopanda na kushuka ni pa yule mtoto, ni pako, na ni pa mgeni pia.

Hapa ndipo lile neno "kisiwa cha mbali" linaponiudhi. Mbali na nani? Bango lilisema kisiwa hakina watu. Kumbe kuna kijiji, kuna msikiti, kuna adhana alfajiri, na akina mama wanasuka makuti. Visiwa hivi vilikuwa na watu na misikiti kabla mtu hajawaza hoteli. Pale Shanga, kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Kisiwa cha Manda kina magofu ya Takwa na msikiti wake wa Ijumaa. Mji wa Lamu wenyewe uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ukisema mahali kama hapo hapana watu, unamfuta mtu akiwa amesimama mbele yako na pweza wake.

Na ukishamfuta mwenyeji, haikuchukui muda kumwona Muislamu yeyote ni mgeni wa kushukiwa. Tulipofika jetini tulisimamishwa wote 12, kitambulisho mmoja mmoja. Mdogo wetu ana miaka 19, bado anangoja kitambulisho chake, ana ile karatasi ya kungojea tu. Akawekwa pembeni karibu dakika 40, huku boti nyingine inashusha wageni watano wa kutoka nje na askari anawabebea mabegi bila kuwauliza hata majina.

Nieleweke. Usalama siupingi. Watu wa Lamu wanajua uchungu wa Mpeketoni ya Juni 2014, na wavuvi wao wanajua miaka waliyozuiwa kuvua usiku baada ya pale. Kama ni kukaguliwa, tukaguliwe sote, mwenye buibui na mwenye kaptura. Ukaguzi unaochagua nguo haumlindi mtu.

Sasa najua maneno yatakayokuja chini ya posti hii. Nimeyasikia yote tayari, mengine ndani ya chama chetu wenyewe. Tuyajibu.

La kwanza: "Mlifuata nini kwenye hoteli yenye pombe?" Ndugu yangu, tuliuliza kabla ya kulipa, na maswali yetu yapo na saa zake. Tulijibiwa kwamba hakuna pombe maeneo ya familia. Aliyeulizwa akasema uongo ndiye wa kuulizwa. Na pia, dada anayeamka saa tisa ya usiku kukanda unga mwaka mzima ana haki ya kupumzika siku tatu na kutia miguu baharini. Kaka zenu wakienda matembezi hamuwaulizi walifuata nini.

La pili: "Subirini, Allah atawalipa." Subira ni ibada kubwa, hatubishani. Lakini subira ni kustahimili lile usiloweza kuliondoa. Lile unaloweza kuliondoa kwa barua ya ukurasa mmoja, kulinyamazia kuna jina jingine. Na usisahau, pesa za chama ni amana. Mweka hazina hana ruhusa ya kusamehe pesa za mpika mahamri kwa niaba yake.

La tatu: "Hiyo ni ghiba." Imamu Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja sababu sita ambazo kwazo kumsema mtu kunaruhusiwa. Ya kwanza ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kumpa haki. Nyingine ni kuwatahadharisha Waislamu wasidhurike. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka. Useme lililotokea, lilivyotokea. Usiongeze chumvi. Ukikuta mende mmoja usiandike mende mia. Ukiongeza uongo kwenye dai la kweli, umempa mwenye hoteli wakili wa bure, na dhambi umeichukua wewe.

La nne: "Mnaharibu utalii wa Pwani, watu watakula nini?" Hili nalichukulia kwa uzito, maana ndugu zetu wengi wanakula kwenye hoteli hizi. Lakini kumbuka mwaka 2020, corona ilipofunga mipaka na wageni wa nje hawaji, hoteli zilianza kututafuta sisi wa hapa hapa. Mteja wa ndani si wa kuokota wakati wa shida kisha umtupe. Kinachoharibu utalii ni mtu 12 kurudi Mombasa na kila mmoja kuwasimulia wengine ishirini. Na yule mhudumu aliyetuletea mkeka ndiye anayestahili mshahara kwa wakati, kuliko aliyetengeneza bango. Ukilalamika, usimtukane mhudumu. Hakuandika yeye ile ahadi.

La tano: "Kama mnataka halali, si mjenge zenu?" Tutajenga, inshallah. Maldivi ni nchi ya Waislamu, na kwa miaka mingi watalii walikaa visiwa vyao na wenyeji vyao, hoteli moja kisiwa kimoja. Tangu 2009 wenyeji waliporuhusiwa kufungua nyumba za wageni kwenye visiwa wanavyoishi, watu wa kawaida nao walianza kupokea wageni majumbani, bila pombe, kwa utaratibu wa kijiji. Sisi tuna nyumba za Lamu, Pate na Wasini, tuna wapishi ambao hawahitaji kufundishwa halali ni nini. Vijana wa chuo cha utalii mnaosoma hapa, biashara hiyo inawangoja nyinyi. Lakini hata tukijenga mia, hoteli iliyopokea 144,000 zetu bado ina deni.

Basi tufanyeje? Chukua hatua hizi.

1. Uliza kwa maandishi kabla ya kutuma hata shilingi. Usipige simu tu. Andika: Jikoni lina cheti cha halali? Kimetolewa na nani, kinaisha lini? Pombe inauzwa wapi? Kidimbwi cha wanawake ni saa ngapi, kimezibwa pande zote? Burkini inaruhusiwa? Boti ni kwenda na kurudi?

2. Bango si cheti. Kenya ina mashirika yanayokagua na kutoa vyeti, kama Kenya Bureau of Halal Certification. Omba picha ya cheti, kisha wasiliana na waliokitoa uhakikishe. Mwezi na nyota mtu anachora kwa simu dakika mbili.

3. Arubuni iende kwa nambari ya biashara, si nambari ya mtu. Hifadhi meseji ya M-Pesa na uombe risiti yenye jina la kampuni.

4. Mambo yakiharibika, lalamika hapo hapo. Mwandikie meneja mkiwa bado hotelini, hata kwa WhatsApp, na mpe nafasi ya kurekebisha. Piga picha za mahali, usipige za wageni wengine. Andika saa na siku. Ukisubiri mpaka urudi nyumbani, watakuuliza mbona ulikaa kimya.

5. Andika barua ya kudai. Ukurasa mmoja: tuliahidiwa nini, tulipata nini, tunataka nini, na mna siku ngapi. Fanya insafu. Sisi tulilala kwenye vitanda vyao na tukala mayai yao, kwa hiyo hatukudai zote. Tulidai nusu, 72,000, na zile 9,600 za boti. Jumla 81,600, siku 14. Pia tumedai dada yetu aombwe radhi kwa maandishi. Wao wametupa punguzo la asilimia 10 tukirudi tena. Tukirudi tena!

6. Wakikataa, panda ngazi. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma kuwa mwenendo usio wa haki. Malalamiko ya watumiaji yanapokelewa na Mamlaka ya Ushindani. Leseni za hoteli ziko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, nayo ipate nakala. Jambo la kubaguliwa kwa dini au mavazi lipeleke kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

7. Mahakama ya madai madogo usiiogope. Ilianzishwa kwa sheria ya 2016, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Yale maandishi ya "pesa hazirudishwi" yaliyo chini ya risiti yasikutie baridi. Hayafuti sheria.

Utaona kwamba hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji kelele wala maandamano. Zinahitaji kalamu, meseji zilizohifadhiwa, na watu wasiogawanyika. Hili la kutogawanyika ndilo gumu. Katika chama chetu wawili walitaka tunyamaze. Mmoja aliogopa ataonekana anapenda maneno. Mwingine alisema Waislamu tukilalamika tunaambiwa tuna mambo mengi, bora tuwe wageni wazuri. Nilimwelewa, kwa sababu tumelelewa hivyo: tuingie pole pole, tushukuru kwa kupewa nafasi, tutoke. Lakini dada, wewe hukupewa nafasi. Ulilipa. Na kisiwa chenyewe ni cha nchi yako, kina msikiti wa watu wako. Ugeni wako uko wapi?

Mpaka leo ninapoandika, wote 12 tumeweka sahihi. Siku 14 zinaisha Ijumaa ijayo. Wakilipa, tutasema wamelipa, na tutawashukuru kwa sababu haki inadai hivyo pia. Wasipolipa, Jumatatu yake faili inaenda mahakamani, na mpika mahamri ndiye aliyeomba kuwa mdai wa kwanza.

Na wewe mwenye hoteli unayesoma hapa, awe Muislamu au asiwe: hatukulazimishi uweke jikoni la halali. Kama huna, sema huna, tutakuheshimu na tutaenda kwingine. Lakini ukiliandika lile neno kupata pesa zetu, lifahamu, ulilipie gharama yake, kisha utuletee tulichonunua.

Kama wewe au chama chenu mmepitia haya, iwe Lamu, Kwale, Kilifi au popote, tutumie ujumbe ndani ya ukurasa huu. Leta risiti, meseji na tarehe. Tutakaa nawe tuandike barua, bila malipo. Majina tunayaficha mpaka mwenyewe uruhusu.

Allah atulinde na dhulma, na atulinde tusiwe madhalimu. Amin.

Sambaza kwa mweka hazina wako kabla hajabonyeza "tuma".